Salamu Zilizopasha Ziwa Joto

Vijana wangu, kabla hamjaanza kunicheka chinichini, nawapa ruhusa mcheke wazi. Miaka yangu yote ya kazi nimelipwa mshahara kwa kuvua wadudu wasioonekana, kuwahesabu mmoja mmoja, kisha kuwamwaga. Hapa Tinde, nilikorudi baada ya kustaafu, majirani hawajanielewa mpaka leo. Mke wangu, Mama Mabula, tukipata wageni alikuwa akiwaambia, "Baba Mabula ni mvuvi, ila msisubiri mboga." Wageni wanacheka, mimi natabasamu, na maharage yanaletwa.

Sasa nasikia ninyi mmeajiriwa kituoni kwetu, kule ziwani upande wa Geita, na mmepewa kile kifaa kipya kinachoshushwa kwa waya na kusoma joto la maji chenyewe, mita kwa mita, huku ninyi mmekaa mnachezea simu. Hongereni. Sina wivu, au ninao kidogo tu. Mkuu wenu ameniomba niwaandikie machache ya kazi, na mimi nikiombwa maneno sijui kukataa. Tabia hiyo iliwahi kuniponza, na ndiyo hasa nataka kuwasimulia.

Mimi ni mtoto wa wafugaji. Maji makubwa niliyoyajua utotoni ni lambo la kunyweshea ng'ombe, ambalo hata ukisimama katikati maji yanakufika kiunoni tu. Siku ya kwanza kupanda boti ya kituo nilikumbatia ukingo kwa mikono yote miwili, macho nimefumba, mpaka nahodha akaniuliza kama boti ndiyo inayonibeba au mimi ndiye ninayeibeba. Kwa hiyo yeyote kati yenu anayetapika wimbi likichafuka, asione haya. Atapike tu, ila upande ambao upepo unaelekea.

Wadudu wenyewe jina lao la kitaalamu ni zuplanktoni, ambalo ninyi mtalitamka vizuri kuliko mimi. Ni wanyama wadogo, wengi wao hawafiki punje ya ulezi, na hawatulii. Jua likizama wanapanda juu kula ule ukijani mwembamba unaoelea majini. Kukipambazuka wanashuka kujificha gizani, maana dagaa ana macho na ana njaa. Hivyo ndivyo wanavyoishi kila siku ya Mungu, juu na chini, chini na juu. Mwanangu Mabula alipokuwa shule nilikuwa namwamsha kwa kumwambia, "Amka, mdudu asiye na miguu ya maana ameshamaliza safari yake." Hajanisamehe.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kifaa chenu hakitawaeleza. Wadudu hawa hawashuki kina kilekile mwaka mzima. Wakati wa joto ziwa hujigawa matabaka. Maji ya moto hukaa juu, ya baridi chini, na hayataki kuchanganyika, kama koo mbili zilizogombania mahari. Yale ya chini hukaa muda mrefu bila kufikiwa na hewa mpaka iliyokuwamo inakwisha. Mdudu akishuka asubuhi, akifika mpakani anasimama. Kipupwe kinapoingia na upepo wa kusini ukalikoroga ziwa, joto linakuwa moja juu hadi chini, hewa inafika mpaka kwenye tope, na mdudu naye anakwenda kulala huko huko. Kwa hiyo ukijua mdudu amelala wapi mchana, umeshajua hali ya ziwa bila kuuliza mtu.

Aliyenifundisha haya ni Bi Salome, mama mfupi wa Kizinza aliyekuwa mkuu wa maabara. Alihesabu wadudu kwenye hadubini huku akitafuna karanga, na sheria yake ilikuwa moja: asisalimiwe akiwa anahesabu. Mimi nimetoka kwetu, ambako kijana asiyemwamkia mkubwa hutiliwa shaka yeye na ukoo wake wote. Wiki ya kwanza nikamkuta ameinama, nikasema, "Shikamoo, mama."

Akainua kichwa polepole. "Marahaba. Nilikuwa nimefika mia nne na kumi na saba. Sasa nimefika marahaba."

Akaanza upya. Mimi nikatumwa kuosha nyavu.

Na kuosha nyavu kuna namna yake. Wavu wetu ni kitambaa chembamba kama shela ya bibi harusi, umeshonwa mfano wa faneli ya kumiminia mafuta, na mwishoni umefungwa kichupa. Unaushusha hadi kina unachotaka, halafu unauvuta juu. Kijana mwenye misuli huuvuta kwa pupa. Maji yanashindwa kupita kwenye vitundu, yanafurika mdomoni, na wadudu wanatoka nayo, kisha kijana anaandika kwamba ziwa halina kitu. Vuteni taratibu, mita moja kwa pumzi mbili. Mkimaliza, mwagieni wavu maji ya ziwa kwa nje, ili waliong'ang'ania wasukumwe kichupani. Ukimwagia kwa ndani unajiongezea wadudu ambao hukuwavua.

Na kamba ikilazwa na upepo, msijidanganye. Umetoa mita ishirini za kamba, lakini imelala upande, kwa hiyo wavu uko kumi na tano au pungufu. Kosa hilo nililifanya karibu kiangazi kizima, na ripoti yangu ilionyesha wadudu wanaoishi mita mbili chini ya tope. Bi Salome aliirudisha ikiwa na maneno mawili pembeni kwa wino mwekundu: "Wana majembe?"

Watu wa nje nao walikuwa na maswali yao. Mpwa wangu Shija anachimba dhahabu Segese, kwenye mashimo wanayoyaita maduara, na nilipomweleza kazi yangu alikataa katakata. "Mjomba, mimi nashuka duara kila siku. Kadiri unavyokwenda chini ndivyo joto linavyozidi, mpaka unavua shati. Wewe unaniambia chini ya ziwa kuna baridi?" Nikamwambia aende akasimame kwenye lambo la kwetu saa nane mchana. Akaenda, akarudi suruali imelowa. "Ni kweli, mjomba. Mapajani moto, vidoleni baridi. Lakini hewa je? Sisi duarani tunapulizia hewa kwa bomba. Hao wadudu wako nani anawapulizia?"

Nimekaa na wasomi wengi, lakini swali zuri kuliko hilo sijaulizwa. Anayewapulizia ni upepo wa kipupwe. Kabla haujafika, huko chini hakuna hewa, na Shija anajua vizuri kuliko sisi wote mtu anafanya nini mahali pasipo na hewa.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Nilikuwa nimekaa kazini miaka ya kutosha kuitwa mtaalamu, na hapo ndipo mtu anapokuwa wa hatari. Ghubani kwetu kulikuwa na Mama Kulwa, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kumi na wawili. Walikuwa wameanika dagaa maisha yao yote, sasa wameamua kufuga sato kwenye vizimba, yaani zile nyavu zinazoning'inia majini mfano wa chumba, juu zikishikiliwa na fremu inayoelea. Wanaume wa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga na samaki wanapouzwa, waliwacheka sana. Walisema samaki si kuku, wakirushiwa chakula watasimama kuomba mtama. Lakini Mama Kulwa alikwishawashawishi wenzake, na kila mmoja alikuwa ameuza kitu chake, huyu mbuzi, yule cherehani. Samaki wakifa, si kikundi tu kitakachokufa. Yeye mwenyewe hatakuwa na uso wa kupita nao mwaloni.

Akanijia kituoni. "Baba Mabula, nyavu zangu zishuke mita ngapi? Fundi anasema nne. Mimi nataka kumi, samaki wapate nafasi, niweke wengi."

"Ngoja nikupimie, mayu," nikasema, kifua mbele, nikimwita mama kwa Kisukuma. "Nyavu hazining'inizwi kwa kubahatisha."

Zamani zile joto tulilipima kwa chupa za chuma. Nne zilifungwa kwenye kamba moja, kila moja kwenye kina chake, zikashuka midomo wazi. Kisha unaachia kichuma kidogo tulichokiita mjumbe, kinateleza kwenye kamba na kuzifunga. Unazivuta juu, na ndani ya kila chupa kuna kipimajoto. Hapo unatakiwa usome mara moja, maana chupa haijui kwamba imeshatoka majini. Ukiiacha, inapata joto la mahali ilipo. Bi Salome alinirudia jambo hilo mpaka nikaliota.

Ilikuwa Februari, saa saba mchana, jua la kukaangia mayai. Nikavuta kamba, nikazipanga chupa zangu nne kwenye benchi la boti, nikachukua daftari. Mara mtumbwi wa Mama Kulwa huu hapa, amekuja kuona anavyopimiwa.

"Mwadila, Baba Mabula!"

Ninyi mnaotoka kwingine hamtaelewa. Mama wa makamo amekusalimia, unaweza kumwambia ngoja nisome chupa? Nikaweka daftari chini, nikasimama kwa adabu.

"Mwadila, mayu."

"Mhola?"

"Mhola duhu."

"Na Mama Mabula mhola? Na watoto? Na wazee huko Tinde? Nasikia mvua kwenu imegoma?" Nikajibu yote. Nikauliza ya kwake: mapacha, mkwe, mguu uliokuwa unamsumbua. Akauliza ng'ombe. Nikamtajia aliyezaa na aliyeharibu mimba. Akasikitika, akanipa dawa ya mizizi aliyoijua bibi yake. Nikamshukuru, akanieleza namna ya kuichemsha. Nahodha wetu akasinzia. Alipoondoka, moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa, maana nilikuwa nimesalimiana kama mtu aliyelelewa.

Ndipo nikasoma chupa. Zote nne zilionyesha joto moja.

Nikatikisa kichwa kwa mshangao, nikajiona mgunduzi. Mwaka huu ziwa limechanganyika mapema! Joto moja juu mpaka chini, kwa hiyo na hewa ipo mpaka chini. Sikujiuliza upepo wa kulikoroga umetoka wapi. Jioni nikapita kwa Mama Kulwa. "Shusha kumi, mayu. Ziwa ni moja." Akaagiza nyavu za mita kumi na vifaranga vya sato vya kuzijaza.

Wadudu niliowavua siku ileile, kina kwa kina, walikaa foleni maabara karibu majuma mawili. Asubuhi moja Bi Salome alipowafikia, akaniita. Nilisimama kimya, nikisubiri amalize. Siku hiyo yeye ndiye aliyeanza.

"Umeandika maji ni ya joto moja mpaka chini?"

"Ndiyo, mama."

"Mchana, wakati wa kujificha, hawa wote wamebanana juu ya mita saba. Chini ya hapo hakuna hata mmoja. Kama chini ni kama juu, wamekataa kushuka kwa nini? Nani kawaambia kuna chatu?"

Nikaanza kutafuta maneno. Nikasema labda wavu ulitoboka. Akaleta wavu, mzima. Nikasema labda wadudu wa mwaka huu ni wa aina nyingine. Akatafuna karanga moja taratibu.

"Mabula," akasema, maana akikasirika aliniita kwa jina la mwanangu. "Hawa wadudu hawajasoma. Hawana cha kupata kwa kunidanganya mimi. Hizo chupa ulizisoma saa ngapi?"

Nikaona benchi, nikaona jua, nikasikia salamu zote, za mapacha, za mkwe na za mguu. Vifaranga vya Mama Kulwa vilikuwa vinaingia kesho yake alfajiri.

Tulikwenda ghubani mchana uleule, mimi na Bi Salome, naye alinikataza kufungua mdomo. Chupa ya chini ilikuja baridi mkononi. Nilipoimimina, maji yakanuka yai viza. Nahodha akafunika pua. Chini ya mita saba maji yalikuwa hayana uhai, na nyavu za akina mama wale, kwa neno langu, zilikuwa zimeshaning'inizwa kuingia humo. Samaki wasingekubali kushuka. Wote wangebanana juu, na upepo ukija kuyasukuma maji yale mabovu, yangewafuata huko huko.

Nasema kweli yangu, nilifikiria kunyamaza. Nikajiambia labda upepo hautakuja. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kisingekuwa changu. Nikashuka peke yangu mwaloni. Akina mama wote kumi na wawili walikuwa pale wakifunga kamba za mwisho, wanaimba.

Nikafungua mdomo. Mama Kulwa akanizuia kwa mkono. "Mwadila, Baba Mabula. Hata salamu hakuna leo?"

Basi nikasalimia. Mwanamke yule alinipitisha nyumba nzima, zizi zima, mpaka yule ng'ombe aliyeharibu mimba, na mizizi kama ilimfaa. Nilijibu huku machozi yananilenga. Alipomaliza, nikasema lote kwa pumzi moja: nyavu ni ndefu mno, chini hakuna hewa, nilikosea kupima.

Nyimbo zikakoma. Mmoja wao, aliyeuza cherehani, akakaa chini mchangani. Mwingine akauliza, "Mtaalamu gani huyu?"

"Ulikoseaje?" Mama Kulwa akauliza. "Mimi nilikuwepo."

"Nilichelewa kusoma. Chupa zilipata jua."

"Ulichelewa kwa nini?"

Nikatazama miguu yangu. Mtoto wa watu, ningesemaje? Niliona namna uso wake ulivyobadilika alipokumbuka.

"Nyamazeni," akawaambia wenzake, ingawa walikuwa wameshanyamaza. "Huyu nilimkuta ana kazi mkononi, nikamuuliza ng'ombe mmoja mmoja. Kosa hili tumelipika wawili. Pandisheni nyavu."

Tulizipandisha mpaka mita nne, sote, jua linazama, mikono imechubuka. Kwa nyavu fupi vifaranga vilikuwa vingi mno, kwa hiyo kulipokucha Mama Kulwa aliwafuata wale wanaume waliomcheka, ambao kumbe walikuwa wamemwiga chinichini na kutengeneza vizimba vyao, bado vitupu, ng'ambo ya ghuba, akawakabidhi nusu ya samaki wake wawatunze kwa makubaliano ya kugawana mavuno. Sijui ilimgharimu nini kutamka maneno yale. Sikuwahi kuthubutu kumuuliza.

Upepo ulikuja kabla ya mwezi kwisha. Asubuhi ghuba ilinuka yai viza, na furu na sato wa porini walielea matumbo juu hadi ufukweni. Nilikwenda kwenye vizimba vya Mama Kulwa. Walioelea mle walikuwa wachache, wa kubebwa kwa karai moja. Wengine walikuwa hai, maana kwa kuwa nusu tu hewa ya juu iliwatosha, wamejaa pale juu, wanapigania chakula kama watoto wa shule. Nililia hadharani, na sikuona aibu.

Lakini siku chache baadaye likatokea jambo. Nilikuwa ghubani na chupa zangu, mtumbwi wa Mama Kulwa ukapita hatua kumi tu kutoka kwetu. Hakusalimia. Aligeuza uso upande wa pili, kabisa, kama watu wenye kesi. Na wenzake wote wakageuza. Nikajua kumbe hajanisamehe.

Wakati wa kurudi nikamkuta mwaloni, nikaogopa hata kumkaribia. Akanijia mwenyewe, akicheka. "Baba Mabula, mbona umenuna? Ulikuwa na chupa nje. Nimewaambia wenzangu wote: mkimwona yule mtu ameshika kamba, pitieni kama hamumjui."

Na wakafanya hivyo mpaka nilipostaafu. Kwetu hakuna tusi kubwa kuliko kupita mtu bila kumsalimia. Wageni ghubani walikuwa wakiniuliza kwa siri nimewakosea nini wale akina mama, nami nilikuwa navimba kichwa. Kituo kilinipa cheti siku ya kuniaga, kiko kabatini. Lakini heshima yangu ya kazi ni zile nyuso zilizogeuzwa.

Siku yangu ya mwisho majini mtumbwi wake ulikuja tena, ukapita, nyuso zote ng'ambo. Nikavuta chupa, nikasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, nikaandika, nikafunga daftari. Nilipoinua kichwa, mtumbwi ulikuwa umesimama unaningojea, na yule mama, mzee sasa, ameshika ukingo wa boti yetu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mayu."

"Mwadila, Baba Mabula," akasema, akajiweka sawa kwenye ubao wa kukalia. "Haya, anza na ng'ombe."